Kinyaa cha Mai Tonde

Noti ya dola moja ya Marekani ikishaingia kwetu Mutare, mashariki ya Zimbabwe, haikurudi tena kwao. Ilifia hapa hapa mikononi mwetu, polepole, kama mgonjwa asiye na ndugu. Ilipita kwenye soksi za wachimba dhahabu, kwenye sidiria za kina mama, kwenye vidole vya makonda wanaohesabu kwa kulamba, mpaka ikawa laini kama kitambaa cha kupangusia meza za baa, na rangi yake ikawa ya maji yaliyooshewa masufuria. Yule bwana aliyechorwa katikati alikuwa ameshafutika pua. Ilinuka. Na bado tuliigombania, tukaikunja vizuri na kuilaza karibu na moyo.

Plaxedes Mukwindidza hakuizoea. Huyu ni mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na minane, damu na usaha na yote yanayotoka mwilini mwa binadamu, na mtu wa namna hiyo humdanganyi kuhusu uchafu. Mshahara wa hospitali uliposhindwa kununua hata nauli ya kwendea kazini, aliacha, akaenda kuuza nyanya katika soko la Sakubva. Huko wote walimwita Mai Tonde, yaani mama Tonde, kwa jina la mwanawe aliyekuwa Johannesburg akijenga nyumba za watu. Alikuwa mrefu na mkavu, tena hana maneno mengi. Aproni yake nyeupe ilikuwa nyeupe kweli, katikati ya tope na majani ya kabichi yaliyooza, na hilo peke yake lilitosha kuwaudhi watu.

Mezani pake kulikuwa na beseni la maji ya sabuni yaliyotiwa dawa, koleo la jikoni, na kamba fupi yenye vibanio vya nguo. Mteja akitoa noti, Mai Tonde hakuigusa. Aliibana kwa koleo, akaitumbukiza kwenye beseni, akaisugua pande zote mbili kwa brashi ya kucha, akaianika. Jumamosi asubuhi ungeona dola kumi na mbili zikipepea juu ya nyanya, na maji ya beseni yamekuwa meusi tii. Maji hayo aliwaonyesha watu.

"Tazameni," alisema. "Haya mmeyalaza maziwani usiku kucha. Halafu mnawanyonyesha watoto."

Jirani yake Eneresi, mwanamke mnene aliyeuza dagaa wakavu, hakukosa neno.

"Mai Tonde, leo umewaogesha wanao mapema! Mbona hujawapaka mafuta?"

"Za kwako ndizo zinazonitesa. Noti ikitoka kwako, paka wanaifuata mpaka nyumbani kwangu."

"Harufu ya dagaa ni ya chakula, mama. Hiyo dawa yako inanuka mochwari."

"Basi ilambe hiyo noti yako, ushibe."

Mstari mzima wa wauzaji ukacheka, na Eneresi akacheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa noti aliyokuwa ameishika. Mai Tonde aligeuka upande wa pili.

Uchafu ulikuwa nusu tu ya balaa. Pesa yetu wenyewe ilipokufa, dola zilikuja kwetu bila senti zake, maana nani angesafirisha masanduku ya vyuma kuvuka bahari kwa ajili yetu? Sarafu za randi za Afrika Kusini zilijaa Bulawayo, upande wa magharibi, lakini kwetu mashariki zilifika za kuhesabu. Fungu la nyanya lilikuwa senti hamsini, na kila mtu alikuwa na dola nzima mkononi. Madukani walikupa chenji ya peremende, ya kiberiti, ya kalamu isiyoandika. Au walikuunganisha. Wewe na mtu usiyemjua mnadai senti hamsini kila mmoja, mnapewa noti moja na kuambiwa nendeni mkagawane. Watu wazima, wenye wajukuu, walizunguka mjini wawili wawili kama wafungwa wa pingu moja, wakitafuta wa kuwavunjia dola.

Siku moja Mai Tonde aliunganishwa na mlevi. Bwana yule aliiwahi noti, na kwa kuogopa kwamba mama huyu mrefu ataipokonya akimbie nayo, akaitia mdomoni na kuibana kwa meno. Wakatembea hivyo duka hadi duka, bwana akiongea kwa pembe ya mdomo, mate yakimchuruzika kidevuni. Duka la nne nalo halikuwa na chenji. Ndipo akaitoa, akainyoosha kwenye suruali yake na kumkabidhi.

"Haya shemeji, shika wewe sasa. Mimi nimechoka."

Mai Tonde alimwachia yote. Alitapika nyuma ya kituo cha mafuta, akaenda zake bila senti hamsini zake, na alipofika nyumbani alipiga mswaki mara mbili ingawa noti haikuwa imeingia kinywani mwake.

Kuanzia hapo akabuni vifuniko. Alikwenda kwenye baa, akaokota ndoo nzima ya vifuniko vya chupa za bia, akavichemsha mara tatu, akavipaka rangi nyekundu ya kucha kwa ndani. Kila kimoja kilikuwa senti kumi mezani pake. Ukitoa dola ukanunua fungu moja, ulirudishiwa vifuniko vitano, nawe ukija kesho unavileta. Hakumlazimisha mtu. Lakini haikupita miezi miwili fundi viatu akawa anavipokea, na mama wa mboga, na hata Eneresi kwa dagaa wake. Watu walivifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na dola zao. Mai Tonde haibi, walisema, na hilo lilitosha.

Kila alipokaa na kichupa chake cha rangi akipaka vifuniko vipya, alinung'unika kwa sauti ya kusikika.

"Nchi nzima inashindwa na kichupa cha rangi ya kucha. Chuma unakiosha kinang'aa, hakinyonyi jasho la mtu. Siku watakayotuletea sarafu, nitazibusu mbele yenu nyote."

Aliyasema hayo kwa miaka, mpaka yakawa kama jina lake la pili.

Lipo jambo ambalo hakulisema. Mumewe, Baba Tonde, alikuwa fundi wa magari katika kampuni ya mabasi kwa miaka ishirini na sita. Kiinua mgongo chake kiliingia benki katikati ya mwaka 2008. Alipanga foleni wiki sita mpaka akafanikiwa kukitoa, na siku alipokitoa kilinunua mche mmoja wa sabuni. Alikuja nao umefungwa kwenye gazeti, akauweka mezani.

"Pensheni yangu hiyo, mama. Usiimalize kwa siku moja."

Alicheka peke yake. Kabla ya Krismasi tulimzika. Noti zilizobaki za dola yetu ya Zimbabwe, zile zenye sifuri zisizohesabika, Plaxedes alizitia jikoni apikie sadza, ugali wetu, nazo zikakataa hata kuwaka vizuri, zikafuka moshi tu. Na zilikuwa safi. Hazijawahi kukunjwa, wino wake bado unanukia. Katika maisha yake yote hakupata kushika pesa safi kuliko zile, na aliposhika noti ya kwanza ya dola ya Marekani mwaka uliofuata, imechoka, inanuka kwapa la mtu, ilinunua mkate na kesho yake ikanunua mkate. Alichukia kwamba ilikuwa hivyo.

Sarafu zilikuja Desemba ya mwaka 2014. Redio ilisema zimetolewa na benki kuu yetu wenyewe, ni za senti moja, tano, kumi na ishirini na tano, thamani yake ni sawa na senti za Marekani, wananchi wasiwe na hofu. Kwetu, redio ikikuambia usiwe na hofu, unaficha unga. Kabla ya saa sita mchana soko zima lilikuwa limeshakata shauri: hii ni ile dola yetu ya zamani, imefufuka na kuvaa chuma. Mkulima wa bonde la Honde aliyewaletea kreti za nyanya alisema waziwazi kwamba atakayemlipa kwa vyuma hivyo, nyanya zake atawapa nguruwe. Makonda waliwashusha njiani waliotaka kulipa kwa sarafu. Mtu aliyepokea sarafu dukani alizitupa nje ya dirisha la gari kama anayetupa kunguni.

"Mai Tonde," Eneresi aliita, "sarafu zimekuja. Mbona hatujaona busu?"

"Midomo imekauka."

"Tukuletee mafuta?"

Wakacheka. Yeye aliendelea kusugua noti.

Ijumaa ya kwanza ya Januari, Mbuya Netsai alikuja sokoni. Inafaa mjue huyu bibi kizee ni nani kwa Plaxedes. Siku Plaxedes alipoacha kazi hospitalini akaja na kreti moja ya nyanya kichwani, wanawake wa mstari ule walimfukuza kama mbwa, kila mmoja akisema hapa pana mwenyewe. Mbuya Netsai, ambaye wakati huo aliuza vitunguu, aliburuta mafungu yake upande mmoja wa meza na kusema, "Weka hapa, mwanangu." Miguu ilipomshinda, alimwachia meza yote, hakutaka hata kilemba cha shukrani. Sasa aliishi kwa pensheni ya marehemu mumewe, na kila mwezi akishaipokea alikuja kununua nyanya, kitunguu na dagaa kidogo, akalipa, akapiga soga, akaenda.

Siku hiyo hakupiga soga. Aliweka mfuko wa nailoni mezani, nao ukatoa mlio. Mstari wote ukageuka.

"Benki wamenipa hivi," alisema. "Dola ishirini. Wamesema noti zimekwisha, wazee wote leo ni hivi. Kombi ya kurudi nimeilipa kwa noti yangu ya mwisho. Nimeanzia mwanzo wa soko, mwanangu. Kwa muuza unga, kwa muuza mafuta, kwa muuza mkaa. Hakuna anayetaka hata kuziangalia."

"Mjini wanazipokea, Mbuya. Maduka makubwa."

"Nitafikaje? Konda amenirudishia sarafu mkononi, tena kwa kunitukana. Nitembee na miguu hii?"

Akafungua mfuko, akatoa sarafu mbili za senti ishirini na tano, akaziweka kwenye kiganja na kukinyoosha.

"Fungu moja tu. Wewe ukizipokea, wote watazipokea. Walipokea vifuniko vya bia kwa sababu yako."

Mai Tonde aliziangalia. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa mpya, zinang'aa, hazina harufu ya mtu yeyote. Kwa miaka mitano alikuwa amezililia. Alijua pia kwamba senti hamsini hazingemuua, kwamba angeweza kuzitia mfukoni hata zikageuka mavi kesho na bado angekula usiku huo. Lakini Mbuya Netsai alikuwa amesema kweli. Akizipokea yeye, mstari wote ungezipokea, na ikiwa kesho redio ingesema lingine, wote wangekuwa na mche mmoja wa sabuni mezani, na jina lililowaponza lingekuwa la Mai Tonde. Kiganja cha bibi kilikuwa bado kimenyooshwa juu ya nyanya.

"Mai Tonde, usituletee nuksi," Eneresi alinong'ona nyuma yake. Safari hii hakuwa anatania.

"Siwezi, Mbuya," Plaxedes alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Chukua nyanya. Chukua mafungu mawili, na kitunguu. Sitaki kitu."

"Sikuja kuomba." Sauti ya bibi haikupanda hata kidogo. "Ningetaka kuomba ningekaa pale getini na kopo, na waliokaa pale wanapata noti. Nina pesa. Nimekuja kununua."

"Mbuya, nisikilize, mkulima atanikatalia, na mimi..."

"Miaka yote hii nilidhani unachukia uchafu. Nikakusifu kwa watu, nikasema yule binti ni msafi mpaka moyoni. Kumbe unachukia tu ule unaotoka kwa sabuni."

Akarudisha sarafu mbili kwenye mfuko, akaufunga fundo, fundo likamsumbua, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaondoka polepole kati ya meza, mfuko ukilia kwa kila hatua. Kisha mtu wa mwisho kabisa wa mstari akacheka, kicheko kile cha aibu, na biashara ikaendelea.

Plaxedes alivumilia saa mbili. Kila noti aliyoibana aliisugua muda mrefu kuliko ya kabla yake, na maji ya beseni yalipomwagika kidogo kwenye aproni hakuyapangusa. Mwisho akafunika nyanya kabla ya wakati, akatia fungu zuri, vitunguu viwili na noti ishirini zilizooshwa kwenye kikapu, akamwambia Eneresi amwangalizie meza.

"Unakwenda kuzichukua?" Eneresi aliuliza.

"Nakwenda kuzichukua. Dola zote ishirini. Na kesho nitazipanga hapa mezani, asiyetaka asinunue kwangu."

"Umerukwa na akili."

"Afadhali."

Jua lilikuwa bado juu ya vilima alipofika kwa Mbuya Netsai. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, miguu ameinyoosha. Mapajani, juu ya kitambaa, alikuwa na noti za dola, anazitandaza moja moja. Moja ilikuwa imechanika katikati, anajaribu kuiunga kwa plasta ya kidonda. Nyingine ilikuwa na madoa ya kahawia ambayo Plaxedes, kwa miaka kumi na minane ya mashuka, aliyajua ni ya nini.

"Mbuya," alisema, akachuchumaa na kupiga makofi ya heshima. "Nimekuja kuchukua sarafu. Zote. Nisamehe."

"Umechelewa kidogo tu. Learnmore amepita."

Learnmore ni kijana wa viatu vya ncha aliyebadilisha pesa kwenye kona ya baa. Ana gari, anafika mjini atakapo, na maduka makubwa yanamjua.

"Amekupa ngapi?"

"Nane."

"Nane! Kwa ishirini?"

"Alianza na saba." Bibi alibonyeza plasta kwa kidole gumba. "Niliongea naye sana, akaongeza moja. Ndiyo hii iliyochanika."

Plaxedes alitaka kusema atamtafuta Learnmore, atamkaba koo, atazirudisha. Alijua hatazirudisha. Dola kumi na mbili za mjane zilikuwa tayari kwenye buti la gari, na hazikuchukuliwa na Learnmore peke yake. Alijiona alivyosimama mchana ule mbele ya kiganja kilichonyooshwa, na aproni yake nyeupe, na akajionea kinyaa ambacho hakuwahi kuionea noti yoyote.

"Ungenisubiri, Mbuya. Ningezichukua. Naapa ningezichukua."

"Nilikuja kwako, mwanangu. Nilikuja na miguu yangu." Akakinyooshea kikapu kidole. "Hizo nyanya ni za kuuza?"

"Ni zako."

"Nimekuuliza ni za kuuza?"

Plaxedes akainamisha kichwa. "Za kuuza."

"Fungu ni bei ile ile?"

"Ile ile. Senti hamsini."

Mbuya Netsai alizichagua noti zake nane kama mtu anayechagua mchele, akatoa ile yenye madoa, akaikunja mara moja na kuinyoosha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, kama anavyolipwa mtu wa kuheshimiwa.

"Shika. Hii unaipokea."

Ilikuwa na unyevu. Plaxedes aliishika. Kwa mazoea tu, mkono wa pili ukaingia mfuko wa aproni kutafuta chenji, na vidole vyake vikakuta vifuniko, vifuniko vitupu. Alihesabu vitano, akavitoa, na vikiwa vimelala kiganjani mwake, vyekundu, bibi kizee akavitazama.

"Hapana," alisema, akikusanya nyanya kwenye kitambaa pamoja na dola zake saba. "Vyuma nimevikataa leo, kama ninyi. Chenji baki nayo."

Akashika fremu ya mlango, akajivuta mpaka akasimama, akaingia ndani kukaanga nyanya zake.